Amesilimu, bado ni mwanao

Najua wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na upungufu wa damu kwa wajawazito. Itabidi isubiri. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala saa tatu tu, nimeamka na jambo moja kichwani na nisipoliandika leo sitalala tena.

Jana usiku alikuja binti kujifungua. Nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane, kwa hiyo msianze kukisia ni wa kijiji gani. Alikuja kwa bodaboda, beseni lake limekamilika: vitenge, pamba, glovu, wembe mpya, kila kitu. Kadi ya kliniki ina mahudhurio yote. Nikamuuliza lile swali tunalomuuliza kila mzazi, umekuja na nani? Akasema mume yuko njiani, anatoka kazini Bunda mjini. Nikamuuliza, na mama je? Akakaa kimya mpaka uchungu uliofuata ulipopita, ndipo akaniambia kwamba mama yake hajaongea naye tangu asilimu. Miezi minane sasa.

Alijifungua salama, tunashukuru. Lakini alfajiri, wodi nzima ikiwa na mama na mashangazi wanaomimina uji kutoka kwenye chupa, yeye aligeukia ukutani akajifanya amelala. Nilimletea chai yangu. Chai ya nesi si uji wa mama.

Wengi mnanijua kwa ushungi wangu, na wengi mnadhani nimezaliwa nao. Hapana. Mimi nimezaliwa hapa hapa Nyamuswa, nyumba ya Wasabato, Jumamosi kanisani tangu nikiwa mgongoni. Nilisilimu mwishoni mwa mwaka 2016, nikiwa tayari nesi mwenye diploma yangu. Sijawahi kuliandika hili humu kwa sababu ukurasa huu ni wa afya ya mama na mtoto, si wa mahubiri, na wasomaji wangu ni wa dini zote. Leo nimeona linahusu afya ya mama na mtoto moja kwa moja.

Msimamo wangu ni huu. Mtu akisilimu, mara nyingi mwanzo wake unaharibiwa na watu wa pande mbili. Kuna ndugu wanaomsusa, na kuna waumini wanaompokea kwa takbiri Ijumaa, halafu ikifika Ijumaa ya pili wamemtwisha mzigo ambao wao wenyewe waliubeba taratibu tangu utotoni. Huyo mtu akiwa mjamzito, mzigo huo wa pande mbili unaishia tumboni. Nimeuona kwa wengine na nimeubeba mwenyewe.

Nianze na sisi Waislamu, maana ni rahisi kuwanyooshea vidole wengine.

Kuingia kwenyewe ni jambo jepesi. Unatamka shahada ukiwa umeamini moyoni, unaoga, unaanza kujifunza sala. Basi. Al-Fatiha ina aya saba na mimi ilinichukua wiki tatu kuihifadhi. Nilikuwa na kikaratasi kwenye mfuko wa sare, nikisubiri dripu iishe nachungulia mstari mmoja. Mgonjwa mmoja mzee aliniona, akawa ananisahihisha matamshi akiwa kitandani. Yule mzee alinifundisha dini vizuri kuliko watu wengi wenye afya zao.

Sasa wengine. Wiki ya kwanza niliambiwa jina langu halifai. Wiki ya pili niliambiwa nisile kwa mama yangu kwa sababu masufuria yake ni najisi, nyumba ambayo nguruwe hajawahi kuingia tangu babu, maana Wasabato nao hawamli! Wiki ya tatu nikaambiwa picha zote za zamani nizichome. Kila mtu ana lake, na kila mtu analisema kana kwamba ndilo la kwanza.

Tuulizane. Wahyi wa kwanza ulimshukia Mtume Muhammad, rehema na amani zimfikie, mwaka 610. Funga ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa pili wa Hijra, ambao ni 624. Hesabu mwenyewe, ni miaka kama kumi na minne ya kuwa Waislamu kabla ya kuambiwa wafunge mwezi mzima. Pombe nayo ilikatazwa kwa hatua. Sisemi mtu wa leo asubiri miaka kumi na minne, msinielewe vibaya, sheria imekwisha kamilika. Nasema kwamba Mola aliwalea wale wa kwanza polepole. Binti wa Nyamuswa tunamharakisha tukimbilie wapi?

Ramadhani yangu ya kwanza ilikuwa 2017, ilianza mwishoni mwa Mei. Nilikuwa na ujauzito wa miezi sita. Jirani mmoja aliniambia kwamba mtu mpya akianza dini kwa kula mchana wa Ramadhani, imani yake inaonekana haina mizizi. Mume wangu hakujua vizuri hukumu yake, akanyamaza. Nami nilitaka sana nionekane wa kweli, kwa Waislamu na kwa mama yangu pia, asije akasema nimefuata mwanamume tu. Nikafunga. Siku ya tisa, kwenye korido, nikisukuma toroli la dawa, nikaona taa zinakuwa za njano halafu sikuona kitu.

Nilizinduka nimewekewa dripu. Sukari ilikuwa imeshuka, presha iko chini. Mwenzangu alikuwa ameniwekea fetoskopu tumboni anahesabu mapigo ya mtoto, mdomo unatetemeka. Mtoto alikuwa mzima. Mimi nesi, ninayewafundisha wajawazito kula mara kwa mara, nilikuwa nimelazwa kwenye wodi yangu mwenyewe kwa sababu nimeona aibu kunywa maji.

Jioni akaja sheikh mmoja mzee kunijulia hali. Akauliza kimetokea nini. Alipoambiwa, hakusema neno kwa muda, halafu akauliza, "Mwanangu, nani alikukataza ruhusa ambayo Mungu amekupa?" Akanieleza mambo ambayo ningepaswa kuyasikia siku ya kwanza.

Nawaandikia hapa, nanyi mkayathibitishe kwa masheikh wenu. Mjamzito na anayenyonyesha, akihofia afya yake au ya mtoto, ana ruhusa ya kula. Mgonjwa anayo, na msafiri anayo. Someni Sura Al-Baqara aya ya 184 na 185. Siku hizo zinalipwa baadaye. Wanazuoni wametofautiana kama kuna fidia ya kulisha masikini pamoja na kulipa, na hapo ndipo pa kumuuliza sheikh. Kama ujauzito wako unaruhusu kufunga au hauruhusu, uliza kliniki. Wapo wajawazito wanaofunga bila shida. Lakini ukiona kizunguzungu, kichwa kinachouma sana, mkojo wa rangi ya chai, mtoto amepunguza kucheza, au uchungu kabla ya wakati, fungua hapo hapo uje hospitali. Usisubiri adhana ya magharibi. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita ajihurumie zaidi, maana mtoto yule hana chakula kingine duniani.

Wenye dawa za kila siku, nisikilizeni vizuri. Kuna waliosilimu wanaotumia ARV na wanaogopa kusema, kwa hiyo wanaruka dozi. Usiruke. Wengi siku hizi mnameza kidonge kimoja kwa siku, na muda wake unaweza kuhamishiwa futari au daku; ongea na mhudumu wako wa CTC akupangie. Vidonge vya kuongeza damu pia meza usiku. Wa insulini msiamue peke yenu hata siku moja.

Baada ya kujifungua, mama mpya katika dini huwa na hofu nyingine: damu ya nifasi. Hasali, hafungi, na sala za siku hizo hazilipi. Anayolipa ni funga. Damu ikikatika mapema anaoga anasali, halazimiki kungoja arobaini. Ila isije mtu akawa anahesabu siku huku pedi inajaa chini ya saa moja. Hiyo si nifasi ya kuvumilia, ni dharura.

Na mtoto? Kuna tende. Kumgusisha mtoto mchanga utamu wa tende kwenye kaakaa ni sunna, nami siipingi. Mikono ioshwe kwa sabuni, anayeilainisha tende asiwe na kikohozi wala kidonda mdomoni, na iwe kidogo kabisa, chembe. Asali hapana, mpaka mtoto atimize mwaka, hata kama imetoka Makka. Kitovu kisipakwe kitu. Akika siku ya saba, mkiwa na uwezo, msikope.

Hili lingine nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Kuna mama alinong'onezwa kwamba ili awe Mwislamu safi, yeye na binti zake lazima wakeketwe. JAMANI. Ukeketaji huku Mara tumeukuta kwenye mila, kabla misikiti na makanisa hayajafika kwetu. Kumkeketa mtoto wa chini ya miaka kumi na minane ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya mwaka 1998. Shahada haidai damu ya mtoto wako. Kwa wanaume, tohara ni jambo la dini ndiyo, lakini shahada haisubiri tohara. Mtu mzima aende hospitali apate ganzi na ushauri, akae wiki sita bila tendo la ndoa. Asipelekwe kwa fundi wa nyuma ya nyumba.

Tuje kwenye jina. Jina la kwanza nililopewa na bibi yangu halina ubaya wowote kwa maana yake, ni jina la Kiikizu tu. Kisheria ya dini, jina hubadilishwa likiwa na maana mbaya au ya shirki. Ukipenda kuchukua jipya, chukua. Tatizo ninaloliona mimi ni la mezani kwangu. Mama ana kitambulisho cha NIDA cha jina moja, kadi ya kliniki jina la pili, bima jina la tatu, na tangazo la kizazi la mtoto linaandikwa vile anavyoitwa msikitini. Miaka sita baadaye anahangaika na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Ukitaka kubadili, badili kwa hati ya kisheria, vinginevyo mezani kwangu nipe jina la kwenye kitambulisho.

Na watu wa Mara tusijifanye hatujawahi kuona mtu akibadili dini. Pale Butiama, kijana wa Chifu Burito Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akiwa ameshapita miaka ishirini, akachukua jina la Julius. Baba yake alikuwa na wake ishirini na wawili na dini ya wazee wake. Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, hakulitupa. Nchi nzima inamwita hivyo mpaka leo. Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934 tu. Yaani wengi wetu, ukirudi nyuma vizazi viwili au vitatu, kuna babu au bibi aliyetoka kwenye dini ya wazazi wake. Bibi yangu mwenyewe alimwacha mama yake kwenye matambiko akaenda kubatizwa. Halafu mjukuu akihama, tunalia kana kwamba jambo hili halijawahi kutokea chini ya jua.

Sasa naongea na wewe mama mzazi uliyesusa.

Nakuelewa. Nusu ya hasira yako hata mimi ninayo. Unasema, mwanangu amebadili dini kwa ajili ya mwanamume. Kama ni kweli alilazimishwa, una haki ya kukasirika, na hapo nawageukia kaka zangu Waislamu: wanazuoni walio wengi wanamruhusu Mwislamu kumuoa Mkristo akiwa Mkristo wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaruhusu ndoa ya bomani kwa watu wa dini mbili. Kwa nini basi unampa binti wa watu sharti la kusilimu ndani ya siku tatu ili harusi isichelewe? Shahada ya haraka ya harusi ndiyo ile ambayo mwaka mmoja baadaye binti hajui hata kwa nini anafunga. Imani ya kulazimishwa haina thamani mbinguni wala nyumbani.

Lakini mama, pengine hakulazimishwa. Pengine alisoma, akauliza, akaridhika. Katiba yetu ibara ya 19 inampa haki hiyo, ila sitaki kukutolea katiba, wewe si kesi. Nataka nikwambie anachofundishwa huko alikokwenda, maana nadhani hujaambiwa. Asma, binti wa Abu Bakr, alikuwa Mwislamu na mama yake hakuwa. Mama akaja kumtembelea. Asma akaenda kumuuliza Mtume kama amuunge mama yake, akaambiwa ndiyo, muunge mama yako. Mama wa Saad bin Abi Waqqas aligoma kula ili mwanawe aache dini. Saad hakuacha dini. Na Sura Luqman, aya ya 14 na 15, inataja jinsi mama alivyobeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, halafu inamwambia mtoto kwamba wazazi wakimshurutisha kumshirikisha Mungu asiwatii kwa hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Kwa hiyo binti yako hajaamriwa akukimbie. Anayemwambia akukimbie amemdanganya, hata kama ndevu zake zinafika kifuani.

Ukimsusa unapoteza nini? Nitakwambia ninachokiona wodini. Mzazi asiye na mama hana wa kumwambia "nguo hii imelowa damu nyingi, muite nesi". Hana wa kumshikia mtoto akienda kuoga. Ziwa linajaa, linauma, anaona aibu kuuliza, anaanza kumpa mtoto maji ya glukosi. Akiingiwa na ile huzuni ya baada ya kujifungua, mume anadhani ni kiburi. Sisi manesi tuko wachache, tunapita na kuondoka.

Mama yangu aliniambia mwaka ule, "Mimi sasa nina watoto wanne." Tuko watano. Nilijifungua Septemba 2017 bila yeye. Siku kumi na mbili nilikaa ndani na mtoto, nikijipikia mwenyewe kwa kuwa mama mkwe alikuwa mgonjwa, na mimi niliyefundisha mamia ya wanawake kumweka mtoto titini nilikuwa nalia kwa sababu wangu hakamati.

Siku ya kumi na tatu nikasikia hodi. Mama amesimama mlangoni, kipolo cha unga wa ulezi kichwani, mkononi kuku mzima amefungwa miguu. Hakunisalimia. Akauliza, "Mumeo yuko wapi? Aje amchinje huyu, nisije kuambiwa nimekulisha haramu."

Mnaoishi Kanda ya Ziwa mnajua suala la nani achinje si mzaha. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa kuchinja ulifika mpaka kuua mtu. Na mama yangu, mzee wa kanisa, alisafiri na kuku hai ili kisu kishikwe na mkwe wake. Alikuwa bado amenuna. Alinuna siku nne nzima huku ananikanda, ananipikia uji, anamwogesha mjukuu. Siku ya tano alicheka kwa kuwa mtoto alimkojolea Biblia.

Hakubadili dini na sikumwomba abadili. Jumamosi anaenda kwake, Ijumaa naenda kwangu. Ugali tunakula sufuria moja.

Basi jana usiku yule binti aliniomba kitu. Akaniambia, dada, nina namba ya mama, mimi sipokelewi, wewe hakujui. Nikapiga saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nakabidhi zamu. Nikajitambulisha, nikasema mwanao amejifungua salama, yuko wodini peke yake. Kimya. Nikadhani amekata. Kisha nikasikia anapumua, akauliza, "Wa kike au wa kiume?"

Nikamwambia wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Akakata simu.

Saa moja usiku naingia tena zamu. Kama yupo kwenye benchi nitawaambia kwenye maoni. Ya upungufu wa damu ni Alhamisi ijayo, mje na kadi zenu tusome pamoja ile namba ya Hb.